Siku Madhara ya Dawa Yalipofutwa

Kuna nchi moja ambayo sitaitaja jina, si kwa woga, bali kwa sababu jina lake hubadilishwa kila linapochakaa. Katika nchi hiyo palikuwa na chuo kimoja cha udaktari, na ndani ya chuo palikuwa na darasa dogo la uzamili. Humo madaktari waliokwisha hitimu walirudi kusoma famakolojia, yaani elimu ya dawa: huingiaje mwilini, hufanya nini ikishaingia, hutokaje.

Mwalimu wao alikuwa Profesa Kibwana Magoso, mzee mwembamba ambaye suruali zake zote zilikuwa fupi. Hakuwa na mbinu nyingi. Kila asubuhi aliwachukua wanafunzi wake wodini, akavuta kiti mpaka kitandani kwa mgonjwa, akauliza, "Umemeza nini tangu tulipoonana?" Kisha akanyamaza. Alikuwa hodari wa kunyamaza. Mgonjwa akishataja vidonge vya hospitali, ukimya ule ulimsukuma ataje na vya dukani, na vya kuazima kwa jirani, na mizizi aliyoletewa na shangazi.

Mwanafunzi aliyemtumainia kuliko wote alikuwa Daktari Zuwena. Mama yake Zuwena, Bi. Salha, alikuwa mjane, na majirani walimwita Mama Twaha kwa jina la kifungua mimba wake. Na Twaha hakuwa mtu mdogo. Alikuwa Mkurugenzi katika Wizara ya Usasa. Kwa hiyo mama huyu alikuwa na mtoto mmoja anayesomea dawa na mwingine anayesimamia usasa, akawapenda wote wawili bila kuielewa kazi ya yeyote kati yao.

Twaha hakuwa mtu mbaya. Naomba hilo lieleweke mapema, maana wasomaji wa siku hizi wakiona cheo tu wanakunja uso. Alipokuwa kijana, baba yake alifia kwenye benchi la hospitali akisubiri daktari aliyekwenda kunywa chai. Twaha alikuwa amemwegemeza baba begani, akadhani amelala. Tangu siku hiyo aliapa kwamba akipata madaraka, hakuna mtu atakayekufa tena kwa kusubiri mtu.

"Mashine haiendi kunywa chai," alikuwa akimwambia dada yake.

*

Siku moja Waziri wa Usasa alizuru lile darasa la uzamili. Twaha alikuwa nyuma yake, ameshika kishikwambi, anaandaa hotuba ya jioni.

Profesa Magoso aliendelea kufundisha, maana hakuna aliyemwambia anyamaze. "Dawa ya moyo na sumu ya moyo ni kidonge kilekile," alisema. "Kinachotofautisha ni kiasi, na ni kitu gani kingine umekimeza pamoja nacho. Mgonjwa mwenye vidonge vya moyo ukimwongezea dawa fulani za kifua, dawa ya moyo haitoki mwilini. Inarundikana. Kwanza chakula kitamkataa. Kisha ataanza kuona vitu vina rangi ya manjano. Akikwambia hivyo, usimcheke. Muda wako ni mfupi."

Waziri alinyoosha kidole. "Profesa, hiyo dawa nani kaileta nchini?"

"Serikali, Mheshimiwa."

"Na wewe nani anakulipa mshahara?"

"Serikali, Mheshimiwa."

"Basi inakuwaje Serikali inunue dawa kwa mkono wa kulia, halafu kwa mkono wa kushoto ikulipe wewe uisengenye?"

Waziri alichukua kitabu cha mafunzo kilichokuwa mezani, akakipima mkononi. Aliambiwa kwamba sura za manufaa ya dawa ni chache na sura za madhara ni nyingi. Alisikitika waziwazi. Alisema hajapata kuona uchochezi uliojalidiwa vizuri namna ile.

*

Haukupita muda mrefu, kamati ikaundwa ya kuifanya elimu ya dawa iwe ya kisasa. Kamati ilizuru nchi za mbali zenye hospitali kubwa, ikarudi na picha nyingi za milango inayojifungua yenyewe. Kisha ukatangazwa Mtaala wa Kisasa.

Neno "madhara" lilibadilishwa likawa "maudhi". Baada ya kikao kingine maudhi yakawa "mabadiliko". Katika kikao cha mwisho mjumbe mmoja aliuliza kama kweli kuna haja ya kufundisha mabadiliko katika nchi yenye utulivu, na somo likafutwa kwa kauli moja. Masomo ya uzamili ya miaka mitatu sasa yangekamilika katika msimu mmoja wa mvua, na ya udaktari wenyewe katika wiki chache.

Wodi nazo zilifungwa kwa wanafunzi wote, wa uzamili na wa mwanzo. Badala yake walijengewa ukumbi wenye kiyoyozi na skrini nyingi, na ndani ya kila skrini mlikuwa na mgonjwa aitwaye Bwana Heri. Mwanafunzi alimpa dawa kwa kubonyeza. Akipatia, Bwana Heri alisema, "Asante daktari, nimepona." Akikosea, Bwana Heri alisema, "Asante daktari, jaribu tena." Hakukuwa na jibu la tatu.

Siku ya uzinduzi Waziri alihutubia taifa. "Ndugu wananchi," alisema, "wenzetu wameshafika mwezini, sisi bado tunamuuliza mgonjwa amemeza nini!" Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mimi mwenyewe nilikuwepo. Hotuba ilikuwa nzuri, na tuliotaka kukaa tulikuwa tumekatazwa.

Profesa Magoso alistaafishwa jukwaani siku hiyohiyo. Alipewa fimbo ya kutembelea, ingawa alikuwa akitembea vizuri. Alipoombwa aseme neno, alikishika kipaza sauti, akanyamaza kwa namna yake ile ya wodini. Mshereheshaji akamshukuru kwa ufupi wake.

Jioni hiyo Zuwena na Twaha walikutana kwa mama yao. Bi. Salha alikuwa amepika wali na samaki wa nazi, akaketi katikati yao ili wasigombane.

"Kaka, mmeliua darasa," Zuwena alisema.

"Tumeliharakisha. Unajua ni watu wangapi wanafia kwenye foleni nchi hii?"

"Na watakaokufa ndani, wakiwa na daktari?"

"Zuwena, wewe umezoea kukaa kitandani kwa mtu mmoja asubuhi nzima. Ni jambo jema. Lakini huyo ni mmoja. Mimi nawahesabia wote."

"Kuleni," mama alisema. "Mtagombana matumbo yakishajaa." Akamwongezea kila mmoja samaki. Alipopeleka sahani jikoni alikohoa, kikohozi kirefu cha ndani, na wote wawili wakageuka kumtazama.

*

Wiki zilipita, kikohozi hakikuisha. Twaha akaamua mama yake awe mgonjwa wa kwanza katika Hospitali ya Kisasa, yaani ile ya chuo iliyopewa jina jipya na kuongozwa na mfumo mpya wa kompyuta. Wengine walisema alitafuta sifa. Mimi nadhani alitafuta kitu ambacho baba yake hakukipata. Alimpeleka mwenyewe kwa gari lake, na mama alipokelewa mlangoni kabla hajakohoa mara ya pili. Twaha alisimama pale akafuta macho.

Zuwena alikuwa amemfungia mama yake vidonge vya moyo, ambavyo Bi. Salha alivitumia kwa miaka mingi. "Mama, mwambie daktari kwamba unatumia hivi. Usisahau."

Hakusahau. Daktari wa zamu alikuwa Daktari Nuhu, kijana mpole, mhitimu wa kwanza wa Mtaala wa Kisasa. Alimsikiliza, akavitazama vidonge, akatafuta mahali pa kuviingiza kwenye mfumo. Hapakuwepo. Mfumo ulikubali ugonjwa mmoja kwa mgonjwa mmoja, ili kupunguza msongamano. Akachagua kifua, maana ndicho kilichomleta mama. Mfumo ukatoa dawa kali ya kifua.

"Na hivi vya moyo, mwanangu?"

"Endelea navyo kama kawaida, mama," Nuhu alisema. Alitabasamu, na hakuwa anadanganya. Hakuna aliyewahi kumwambia kitu kingine.

Zuwena hakuruhusiwa kuingia. Kama mwanafunzi wa uzamili, wodi ilikuwa marufuku kwake. Kama binti wa mgonjwa, aliambiwa wageni wamesimamishwa mpaka kamera za televisheni zimalize kazi, maana Wizara ilikuwa ikimrekodi Bi. Salha kila siku kwa ajili ya kumbukumbu ya taifa. Akawa anampigia simu.

"Kikohozi kinapungua," mama alimwambia. "Ila chakula hakipiti kabisa. Labda ni upishi wao. Wanaweka chumvi kama wanaikopa."

Zuwena alikaa na simu mkononi baada ya mama kukata. Kisha akampigia kaka yake. "Muulize daktari amempa dawa gani ya kifua. Niambie jina tu."

"Sawa, nitamuuliza."

"Leo, kaka."

"Nimesema sawa. Kesho Waziri anakuja kumwona mama, na matangazo ni ya moja kwa moja. Nikimaliza maandalizi tu nitamuuliza."

Hakuuliza. Maandalizi yalikuwa mengi. Palikuwa na suala la rangi ya mapazia.

*

Kesho yake wanafunzi wote wa uzamili walikusanywa kwenye ukumbi wa skrini kutazama matangazo, kama sehemu ya masomo. Bwana Heri alizimwa kwa heshima, na Bi. Salha akatokea kitandani, amefunikwa shuka jeupe, amevaa mtandio aliokuwa akiuvaa sikukuu. Twaha alisimama kichwani pake. Waziri aliinama kwa upole wa mtu anayejua kamera iko wapi.

"Mama, unaionaje huduma yetu?"

"Nashukuru, baba. Wananihudumia vizuri." Bi. Salha alipepesa macho. "Ila tangu asubuhi naona kila kitu cha manjano. Shuka, ukuta, hata wewe Mheshimiwa, umekuwa kama mtu aliyepakwa bizari."

Waziri alicheka, akaigeukia kamera. "Mmesikia, wananchi. Mama anaona dhahabu!"

Wodi nzima ilipiga makofi. Nasi majumbani tulipiga. Wengine tulizitazama kuta zetu kuona kama nazo zimeanza kung'aa.

Zuwena alikuwa ameshasimama. Alitoka ukumbini, akavuka uwanja wa chuo akikimbia, akaingia hospitalini. Kwa kuwa alikimbia, mlinzi alidhani ni mtu wa televisheni, akamfungulia. Alipofika kitandani Waziri na msafara wake walikuwa wameshakwenda kwenye tafrija, ghorofa ya chini. Aliushika mkono wa mama yake. Mapigo yalikuwa yakija polepole, yakisita, kama mtu anayepanda ngazi gizani.

"Umekuja," mama alisema. "Umeniona kwenye televisheni?"

"Nimekuona, mama." Akageuka. "Nuhu, umempa dawa gani?"

Daktari Nuhu alimtajia. Zuwena alifumba macho kidogo.

"Mfumo unasema anaendelea vizuri," Nuhu alisema.

"Shika mkono wake wewe mwenyewe."

Kijana alisita. "Sijawahi," alisema kwa sauti ndogo. "Bwana Heri hana mkono." Kisha akaushika, akahesabu mapigo, midomo ikimcheza, na uso wake ukabadilika. "Nifanye nini? Niambie."

Walisimamisha dawa zote mbili, ingawa mfumo haukuwa na mahali pa kusimamisha. Zuwena alimpigia Profesa Magoso, naye akajibu kutoka shambani kwake, akasikiliza, akauliza maswali mawili. "Ipo dawa inayoikamata hiyo iliyorundikana," alisema. "Niliiomba mimi mwenyewe. Iko stoo, rafu ya chini."

Nuhu alishuka stoo mbio, akarudi mikono mitupu. Madhara yalipofutwa kwenye mtaala, dawa za kuondoa madhara nazo ziliondolewa kwenye rafu. Nani anunue mwavuli katika nchi isiyo na mvua?

Profesa akaanza kuwaelekeza hatua kwa hatua, kwa kutumia vilivyokuwepo, nao wakafanya kila alichosema.

Ndipo Twaha akaingia na kipande cha keki kwenye kisahani. Alikuwa akicheka bado, cheko la kutoka kule chini. Alimwona dada yake, akamwona Nuhu anavyotoka jasho, akasimama.

"Twaha, mwanangu," Bi. Salha alisema. "Nimesema vizuri?"

"Umesema vizuri sana, mama."

"Nilitaka kusema zaidi. Lakini nilichoka."

Akamwomba amwinue mto. Twaha aliweka kisahani sakafuni, akamwinua mama yake na kumwegemeza begani, na hapo begani moyo wa Bi. Salha ukasita, ukarudi, ukasita tena. Zuwena na Nuhu waliupigania mpaka mikono yao ikafa ganzi. Haukurudi.

Kwenye skrini ya ukutani mfumo ulikuwa umeandika: Mgonjwa anaendelea vizuri. Apewe dozi ya jioni.

*

Ilipofika wakati wa kumchukua marehemu kwa mazishi, ilitokea shida kidogo ya kiutaratibu. Mfumo haukuwa na neno la kufa. Mgonjwa aliweza kutoka hospitalini kwa njia moja tu, nayo ni kupona. Karani aliwaeleza kwa huruma kwamba mwili utabaki pale mpaka ndugu akubali kwamba amepona. Twaha akabonyeza mwenyewe. Kwa hiyo Bi. Salha alitoka Hospitali ya Kisasa akiwa amepona, kwenye jeneza, mwanawe akiwa mbele upande wa kulia.

Waziri alituma rambirambi. Alisema mama amepumzika akiwa ameona dhahabu, jambo ambalo si kila raia hulipata. Daktari Nuhu alikuja kuzikani, akakaa mbali na watu. Zuwena alimfuata akampa mkono, na baada ya arobaini tukasikia ameacha udaktari.

Twaha aliendelea kwenda ofisini. Kwenye vikao hakusema neno. Wakubwa wake waliuona ukimya ule kuwa ni busara, wakampandisha cheo.

Kisha Wizara ikaamua kumuenzi Bi. Salha. Zile picha zote walizomrekodi kitandani zilipelekwa kwa mafundi, na Bwana Heri akaondolewa kwenye skrini za chuo. Mahali pake akawekwa yeye, na mtandio wake wa sikukuu, na sauti yake. Mtihani wa mwisho wa uzamili ungefanyika juu yake. Twaha hakuombwa ruhusa; alipelekewa pongezi.

Asubuhi ya mtihani Zuwena alifika ukumbini mapema, akamkuta kaka yake peke yake mbele ya skrini. Mama yao alikuwa akitazama mbele, akingoja kupewa dawa.

"Nimemuuliza kama amekula," Twaha alisema bila kugeuka. "Hilo hajibu."

Zuwena alivuta kiti, akaketi kando yake.

"Ile manjano," Twaha alisema. "Ulijuaje?"

"Tulifundishwa."

"Na Profesa?"

"Na Profesa. Ulikuwepo darasani siku hiyo, kaka."

"Nilikuwa naandika hotuba," alisema. Kisha akauliza, "Na kama Nuhu naye angefundishwa?"

"Angeacha kumpa ile dawa siku ya kwanza mama alipokataa chakula."

"Ungeniambia nikuletee jina la dawa..."

"Nilikuambia."

"Uliniambia." Alipangusa uso kwa kiganja. "Zuwena. Mama angeishi?"

Zuwena alimtazama mama yao kwenye skrini. Alijua mama angemjibu nini mtoto huyu. Angemwambia hapana, mwanangu, siku zangu zilikuwa zimefika, kula. Lakini Zuwena alifundishwa na mtu mwingine.

"Angeishi, kaka," alisema.

Twaha alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyesomewa anwani yake akaona ni sahihi.

Kengele ikalia, wanafunzi wakaanza kuingia. Zuwena alisimama. Hakuketi kwenye skrini yake. Alimshika kaka yake bega, bega lile lile alilolazwa mama, kisha akatoka, na mbele ya jina lake msimamizi akaandika kwamba hakuhudhuria. Yuko kijijini kwa Profesa sasa, na nasikia hufundisha watu wawili watatu ambao hawatapata cheti.

Twaha alibaki, amesimama karibu na mlango. Wanafunzi waliketi, wakabonyeza. Walikuwa vijana wazuri, walijiandaa, na wote walifaulu. Kutoka skrini ya kwanza Bi. Salha akasema, "Asante, mwanangu, nimepona." Twaha akajibu polepole, "Nisamehe, mama." Ikafuata skrini ya pili, naye akajibu. Kisha zikaanza kusema kwa pamoja, huku na huku, sauti ileile ya upole, na skrini zilikuwa nyingi. Hakuwahi kuzijibu zote.